Mikate ya Kumimina kwenye Bustani ya Michezo

Hatukuwa tumekaa sana Ibra, mji wa Omani, baada ya kuhama Unguja, baba alipotupeleka Maskati sikukuu ya Idi kwenye bustani ya michezo. Alitwambia mapema kuwa pesa zake zinatosha mabembea tu, chakula tutabeba. Mama akaamka alfajiri, akapika mikate ya kumimina na kababu, akajaza chai kwenye chupa.

Adhuhuri tukatandika mkeka penye kivuli. Watoto wengine walikuwa wakila chipsi na aiskrimu. Mimi na dada yangu tuliona haya, tukala tumewapa watu mgongo. Mama alituona, akaendelea kutumiminia chai.

Mara mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na wanawe akasimama.

"Jamani, hiyo si mikate ya kumimina?" akauliza kwa Kiswahili.

Mama akashtuka kwa furaha. "Ndiyo, dada! Karibu, kaa ule."

"Basi ngoja nimwite mume wangu. Na sisi tumebeba vyetu."

Walikuwa watu wa Pemba, wakikaa mji wa Nizwa, huko huko Omani. Wakaleta mkeka wao na samaki wa kukaanga, tukala pamoja. Mama, ambaye Ibra hakuwa na wa kuzungumza naye ila sisi, alicheka hata akajifuta machozi kwa ushungi. Sikuwahi kumwona hivyo tangu tufike Omani.

Wakati wa kuagana yule bibi alimshika mama mkono. "Mje kwetu Ijumaa. Msitutupe."

Tukaenda, na hatukuacha kwenda. Mwanawe mkubwa leo ni shemeji yangu.