Gari Lililokula Mikorosho ya Mama

Baba alirudishwa kwa mama pamoja na gari lake, siku moja na kwa safari moja, kama watu wanavyorudisha masufuria ya kuazima baada ya harusi. Trekta la kukodi liliivuta ile pikapu kwa kamba kutoka Mikindani hadi kwetu Ziwani. Baba alikuwa amekalishwa ndani, kiti cha abiria, amefungwa kwa kanga ya mke mdogo ili asidondoke. Upande wake wote wa kulia ulikuwa umekufa kwa kiharusi. Injini ya gari ilikuwa imemtangulia. Dereva wa trekta alifungua kamba akaikunja, kisha akasema ameagizwa arudi na kanga ya mwenyewe. Akaifungua nayo, akaondoka. Baba akaegemea mlango wa gari akabaki hivyo hivyo, mate yanamtoka.

Mama alikuwa anaanika makopa, mihogo yetu ya kukausha. Hakuharakisha. Alimaliza kuyatandaza, akanawa mikono, ndipo akaja kumchungulia mumewe dirishani.

"Umefika," akamwambia. "Karibu."

Mimi nilikuwepo. Nafanya kazi ya ofisi mjini Mtwara na nimepanga chumba Ufukoni, lakini mwisho wa wiki huwa nakwenda kumwona mama. Nikamwambia mbele ya baba, bila kupunguza sauti, amwache humo humo ndani ya gari lake alilolipenda.

"Ntu hatupwi, mwanangu," mama akasema. "Nshike miguu, tumwingize ndani."

Anayetaka kujua kwa nini niliongea vile inabidi alijue gari lenyewe. Kwetu ardhi ni ya wanawake. Mama alilipata shamba lile kwa mama yake, naye kwa mama yake, na mwanamume akioa huja kujenga ukweni. Na kwetu shamba lina mwenyewe na mti una mwenyewe: unaweza kuuza mikorosho yako yote na ardhi iliyo chini yake ikabaki kuwa yako. Baba alilijua hilo vizuri, maana alikuja kwetu na shati alilovaa na ulimi mtamu, na ulimi ndio uliokuwa mpya zaidi.

"Shamba halitoki, mama watoto," alimwambia. "Linatoka jani tu. Gari likianza kubeba korosho za watu, tutapanda mingine mpaka ukose pa kupita."

Mikorosho ikauzwa kwa tajiri mmoja wa mjini, pikapu ikaja. Mikorosho mingine haikupandwa hata mmoja.

Gari lilibeba kila kitu: korosho, salfa ya kupulizia, nazi, mabibi harusi. Mwisho likabeba yule mwanamke wa Mikindani, na tangu siku hiyo kiti cha mbele kikawa chake. Mama akitaka kwenda mjini, iwe hospitali au msibani, alipanda nyuma juu ya magunia, mimi nikiwa mapajani mwake. Hata siku ambazo bi mdogo hayupo, kiti kile kilikuwa na kikapu chake, au mtandio wake, au harufu yake tu, na baba alisema kina mtu. Tukifika kwenye mashimo alitoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Shikeni vizuri huko nyuma, barabara mbovu!" Abiria walicheka. Baba alikuwa mcheshi, kila mtu alisema hivyo. Mama alishika bomba la ubavuni akatazama tulikotoka.

Na kila msimu watu wa tajiri walikuja kuokota korosho. Mama analima mihogo yake, wao wanamzunguka na ndoo zao chini ya miti ya bibi yangu. Walinyofoa korosho, wakamwachia mabibo, kwa huruma. Mara moja kibarua mgeni alimuuliza shamba lile ni la nani. Akamjibu ni lake. Na mikorosho? "Ya gari," mama akasema, akaendelea kupalilia.

Basi ndilo gari lililokuja kusimama mbele ya nyumba yetu, juu ya mawe baada ya matairi kung'olewa, mahali pale pale mama anapoanikia makopa. Baba alikuwa amebakiwa na mkono wa kushoto na neno moja. Neno lenyewe lilikuwa "twende". Akiwa na njaa, twende. Akitaka kugeuzwa, twende. Kila siku baada ya alasiri kaka yangu, anayekaa jirani na mama kwa kuwa hajaoa, alimbeba mgongoni akamweka kwenye usukani. Mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe kwenye gia. Alikaa humo mpaka magharibi, anabadilisha gia, uso wake umenyooka kidogo, karibu unaweza kusema ana furaha. Asipopelekwa alilia kwa sauti, na majirani walikuja kuuliza kuna nini. Nami nilikuwa nikimtazama nikijiuliza anampeleka nani, na nikajijibu kwamba namjua.

Msimu wa makopa uliofuata, mama alisema gari liondoke.

Kaka akadhani anaweza kulitengeneza. Alileta fundi kutoka mjini, fundi akainua boneti, kuku akaruka na kelele zake kutoka juu ya mayai. Fundi akachungulia, akashika hiki na kile, akashusha boneti taratibu.

"Kaka, injini hii ishakata roho zamani," akasema. "Humo ndani kizima ni mayai tu, na hayo nayo sikuhakikishii."

Kaka akarudi kwa mama na maneno laini. "Mama, mzee hana furaha nyingine. Mwachie tu, mpaka..."

"Mpaka afe," mama akamalizia. "Sema, usiogope, anasikia, hajawa kiziwi. Na makopa yangu niyaanike kifuani kwake?"

Ikabidi aitwe mjomba, kaka yake mama, maana kwetu hakuna la ukoo linaloamuliwa bila mjomba. Alikuja na kofia yake nyeupe, tukamwamkia, akaketi barazani. Baba alikuwa pale pale kwenye mkeka wake, na hakuna aliyefikiria kumsogeza. Tulimzungumzia kama tunavyozungumzia mbuzi mbele ya mbuzi.

Mjomba akasema tumpigie yule tajiri, huenda akalichukua gari akatoa japo mkorosho mmoja. Mama akacheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka siku nyingi.

"Gari limekula shamba zima, kaka. Leo tulitapishe?"

Tukapiga hata hivyo, kwa simu yangu, sauti ikawekwa juu ili wote tusikie. Tajiri alisikiliza kwa adabu, akauliza gari lina nini kizima. Kaka, bila akili, akasema lina kuku. Tajiri akacheka mpaka akakohoa. Akasema mkorosho hatoi, ila kuku akinona tumpelekee. Kisha akauliza hali ya mgonjwa, akamwombea shifaa, akakata.

Baada ya hapo kaka akaomba gari liuzwe zima zima kwa mtu wa spea, livutwe liende zake. "Angalau alione linaondoka kama gari."

"Mimi nataka likatwe," mama akasema. "Waje wa chuma chakavu walikatie hapa hapa. Na yeye akae pale, aone."

Baba akasema, "Twende."

Mjomba alivua kofia, akaifuta ndani kwa kidole, akaivaa tena. "Dada, roho yako imekuwa ngumu. Huyu ni ngonjwa. Huo ni ukatili."

"Nkuki kwa nguruwe, kaka," mama akasema. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Mikorosho ya mama yetu isingeuzwa bila neno lako. Ulitoa neno. Ukatoa na ushahidi. Halafu ukawa unapewa lifti kwenda mjini. Ulikuwa unakaa wapi?"

Mjomba akalitazama gari uwanjani.

"Nimekuuliza ulikuwa unakaa wapi."

"Mbele," mjomba akasema.

"Haya. Toa neno tena."

Mjomba akasema likatwe. Akaomba maji, akanywa, akaaga kabla ya chakula, jambo ambalo mjomba hakuwahi kulifanya katika nyumba yoyote yenye moshi jikoni.

Kaka alinifuata nyuma ya nyumba. Aliniomba nimchukue baba Ufukoni siku hiyo ya kukata, asione, halafu jioni tungemrudisha na kumdanganya vyovyote. Nikamwambia chumba changu ni kidogo. Ni kidogo kweli. Akaniambia mimi na mama ni kitu kimoja, nami nikapokea kama sifa. Yeye alikuwa anakaa mbele na baba, katikati, karibu na gia, kwa sababu ni mtoto wa kiume. Nyuma hapajui.

Watu wa chuma chakavu walikuja na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na mtungi wa gesi ya kukatia. Mama alikuwa ameshamlisha baba uji, amemfuta mdomo, amemwekea mto mgongoni ili asilale. Hakuna siku mama alimwacha baba na njaa au uchafu, na mtu asije akasema vinginevyo. Alimtunza kama mwali. Kisha akakaa kando yake, akaanza kumenya mihogo.

Walianza na boneti. Kuku alikuwa ameshahamishwa na mayai yake. Moto ulipogusa bati, baba akasema twende. Milango ikatoka, paa likatoka, na kila kipande kilipoanguka alisema twende, na mkono wa kushoto ukawa unatafuta gia juu ya paja lake, anaingiza, anatoa, anaingiza. Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile linaloweza. Kaka alikwenda kusimama shambani, ametupa mgongo. Mimi nilitazama mpaka mwisho. Nilifurahi, na sioni sababu ya kuliita jina lingine.

Viti havikuwa na faida kwao; waling'oa vyuma vya chini wakataka kuvitupa viti vyenyewe. Mama akaweka kisu chini.

"Hicho niachieni."

"Kipi, mama?"

"Cha abiria. Cha mbele."

Kaka alisikia akaja mbio kutoka shambani. Alidhani moyo wa mama umelainika, kwamba baba amepata pa kukaa. Alimshika mama mikono yote miwili. "Mungu akuzidishie, mama. Atakaa vizuri sasa."

Mama akajinasua mikono. Mtu wa chuma chakavu akauliza, na cha dereva je?

"Kichomeni."

Walikichoma kando ya njia, moshi mweusi ukaenda kwa majirani, kisha wakapakia wakaondoka. Pakabaki mawe, mafuta machafu mchangani, na alama ya mstatili ambamo majani yalikuwa hayajaota. Mama akafagia, akachimba mchanga wa mafuta akautupa, akatandaza makopa yake.

Kesho yake baada ya alasiri, alimwogesha baba. Alimvalisha shuka safi na kanzu ya Idi, akamvika na kofia. Baba aliijua saa hiyo. Uso ule ulionyooka kidogo ukarudi, akamtazama kaka, akasema twende. Kaka akamchukua mgongoni akatoka naye.

Kiti kilikuwa kimewekwa ukingoni mwa uwanja, kimeelekezwa shambani, ambako watu wa tajiri walikuwa wanaokota korosho na ndoo zao. Mama alikuwa amekifuta vumbi na kukitegemeza kwa matofali. Nyuma yake alikuwa ameweka gunia la makopa.

Kaka akaenda moja kwa moja kwenye kiti, akainama ili amteremshe baba.

"Siyo hapo," mama akasema. "Nyuma. Kwenye gunia."

Kaka alisimama na baba mgongoni. Alinitazama mimi, na nilikuwa tayari kucheka, nilikuwa nimeisubiri siku ya kucheka tangu utotoni, lakini kicheko hakikuja.

"Mama," kaka akasema.

"Nkalishe."

Akamkalisha. Mama akaingia ndani, akatoka amejifunga ile doti ya kanga ambayo huitoa kwa harusi tu. Akapita mbele ya baba, akaketi kwenye kiti cha mbele, akakaa sawasawa, akaweka mikono magotini. Gunia likazama upande mmoja na baba akaanza kulalia huko. Mkono wa kushoto ukapapasa hewani, ukakosa gia, ukashika mgongo wa kiti kwa nguvu, karibu na bega la mama.

"Twende," baba akasema.

Mama hakugeuka. Alikuwa anaitazama mikorosho.

"Shika vizuri huko nyuma," akasema. "Barabara mbovu."