Dunia Iliyokuwa Iishe Ijumaa

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika pembe mbili mbili, mnavuta mpaka likaze, kisha mnasogeleana hadi vidole vinagusana. Kwa miaka kumi na minne, niliyekuwa nikimsogelea hivyo ni Redio, katika chumba cha kufulia, kati ya mashine tatu na meza ya pasi. Jina hilo tulimpa sisi wenyewe kwa kuwa hakuna habari iliyompita. Alikuwa mwembamba, mikono yake ina nguvu kuliko ya wanaume wengi. Mume alimwacha na mtoto wa miezi saba, na sikumsikia hata siku moja akimlaani. Nilipofiwa na mama yangu alinishikia zamu wiki nzima bila kuombwa. Nasema haya kwanza ili mtu asidhani nilimwamini kwa ujinga tu.

Mwaka 2012, mwezi wa kumi, Redio alikuja na habari ya Wamaya. Alisema ni watu wa kale, ng'ambo ya mbali, waliosoma nyota na kuchonga kalenda yao kwenye mawe. Kalenda hiyo ilihesabu miaka elfu tano na ushee, na ingekatika tarehe ishirini na moja Desemba, siku ya Ijumaa. Baada ya hapo, hakuna kitu.

"Hakuna kitu kivipi?" aliuliza fundi wa boila, mzee aliyekuwa akija kunywa chai nasi saa nne.

"Imekwisha, baba. Dunia imefungwa."

"Hiyo mashine hapo ina saa yake. Ikifika sifuri inalia kengele. Nguo huwa zimekufa?"

"Nguo na dunia ni kitu kimoja?"

"Na kalenda ya ukutani je? Kila Desemba inaisha, tunakwenda dukani kuchukua nyingine. Hao Wamaya wako, mwanangu, walifika mwisho wa jiwe. Mchongaji alichoka mkono."

Tulicheka. "Cheka tu, baba," Redio akasema. "Hata Nuhu walimcheka, na wote walikuwa hawajui kuogelea."

Mimi kicheko kilinikwama. Mimi ni mtu wa hofu tangu utotoni. Mlango nikishaufunga narudi kuutikisa. Shule niliishia darasa la sita, na mtu akinitajia miaka elfu tano sina hesabu ya kumjibu nayo.

Wakati huo binti yangu na binti yake walikuwa wameomba chuo cha uuguzi. Kwa watoto wa wafanyakazi wa hospitali palikuwa na nafasi moja tu. Barua za kuwaita kwenye usaili zilikuja kwa anwani ya kazini, mikononi mwetu. Usaili ulikuwa Alhamisi na Ijumaa ileile, katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima.

"Shoga, wangu haendi," Redio aliniambia, shuka likiwa kati yetu. "Siku kama hiyo nataka awe kifuani pangu."

"Na ikiwa si kweli?"

"Wataomba tena mwakani, wote wawili. Lakini ikiwa kweli, wako utamtafuta wapi?"

Tukaahidiana. Barua ya binti yangu niliiweka chini ya godoro langu. Kila jioni aliniuliza kama imekuja, na kila jioni nilimjibu bado.

Wiki yenyewe ilipofika, niliona viatu vipya vyeusi vya msichana kwenye mkoba wa Redio. Nikajisemea, kumbe hata kiama mtu anataka kukikabili akiwa nadhifu. Jumatano akaniambia mtoto amekwenda kumuaga bibi yake, atarudi kesho. Nikamwonea huruma.

Ijumaa nilimchukua binti yangu kazini, nikamkalisha karibu na meza ya pasi kwa kisingizio cha kunisaidia. Redio alikuja peke yake, akasema wake bado yuko kwa bibi. Mashine ikigonga, nashtuka. Wingu likipita dirishani, nalifuata kwa macho. Saa kumi jioni fundi wa boila alichungulia. "Mama zangu, dunia ikishaisha mnifungie boila. Mimi naenda nyumbani."

Redio alicheka mpaka akajifuta machozi. Ndipo nilipogundua kwamba siku nzima hakutazama dirisha hata mara moja.

Siku chache baadaye metroni aliingia akitabasamu. "Hongera, mama," alimwambia Redio. "Chuo wamenipigia, binti yako amechukua ile nafasi. Wa mwenzako hakutokea kabisa."

Metroni alipotoka, bado tulikuwa tumeshika pembe zetu.

"Ulimpeleka," nikasema.

"Alikwenda na shangazi yake."

"Uliniambia unaamini."

"Niliamini, nakuapia. Lakini nikawaza, je, isipoisha?"

"Hiyo 'je' ungenigawia na mimi, shoga."

Mashine ya pili ikamaliza kuzunguka. "Nafasi ilikuwa moja," akasema.

Niliachia. Shuka safi likaanguka sakafuni, tukalirudisha kwenye mashine pamoja na machafu. Tuliendelea kukunja pamoja miaka mingine mitano, kwa kuwa tulikuwa wawili tu chumbani. Tulisogeleana kama kawaida, kila mmoja akitazama bega la mwenzake.

Siku ile ya habari ya metroni, nilipofika nyumbani, niliitoa barua chini ya godoro nikampa binti yangu. Nikamweleza yote aliyonitenda Redio, moja baada ya jingine. Nilitaka tukasirike pamoja. Yeye aliisoma barua mara mbili, akaikunja vilevile ilivyokuwa.

"Mimi Redio aliniahidi nini?" akauliza.

"Wewe? Hakukuahidi kitu."

"Basi huyo alikudanganya wewe. Mimi, kila jioni nilikuwa namuuliza nani?"

Alisema kwa upole, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

Mwaka uliofuata aliomba chuo kingine. Fomu aliijazia mezani mbele yangu, na penye anwani ya kupokelea barua akaandika ya mjomba wake.