Kitabu cha Babu Chaenda Mosimboa

Mwaka ule tulikula makopa na vichwa vya samaki, maana minofu yote ilikwenda kambi ya watu wa gesi. Ndio mwaka tulioambiwa kijiji chetu, hapa ghuba ya Tungue, kitahamishwa kupisha gesi. Na kitabu cha maulidi alichoandika babu yangu kwa mkono wake, kinachosomwa nyumbani kwetu kila uandamapo mwezi wa Mfungo Sita, kikakatika uzi. Nikasikia mjini Mosimboa yuko mwanahistoria, Mwalimu Amade, anayejua kushona vitabu vya kale. Nikakifunga kwenye leso, nikaondoka na mwanangu Saidi.

Njiani malori ya kambi yalitutia vumbi mpaka kwenye meno. Kitabu nilikipakata kama kichanga.

Mosimboa, Amade akatufungulia chumba. Jamani! Vitabu toka sakafuni hadi darini. Picha za wanawake waliojipaka musiro, ule unga mweupe wa mti, usoni, utasema mama yangu. Ukutani, ramani ya ngozi.

"Bibi, hapa ni kwenu," Amade akaniambia, kidole kwenye ramani.

Herufi za Kireno sizijui, chuoni nilifundishwa za Kiarabu tu. Lakini ghuba yetu niliijua kwa mpindo wake. Kumbe watu waliokufa zamani walituona, wakatuchora!

Nikafungua leso, nikawasha ubani.

"Bibi, moto! Humu ni karatasi tupu!" Amade akaruka na glavu zake nyeupe.

"Kwetu kitabu hakifunguliwi bila ubani. Na wewe, hiyo mikono ina upele?"

Saidi alicheka hadi akakaa chini. Ikabidi tukafukizie uani.

Hadi alasiri Amade alikuwa amemaliza kushona, uzi haukuonekana. Akakishika, hakutaka kukiachia.

"Niachie, bibi. Mnahamishwa. Kitapotea."

Nikatazama rafu yake, safi, haina mchwa, chini ya ile ramani yetu. Moyo ulikwenda, sisemi uongo.

"Sikupi. Mwezi ukiandama tunasoma."

Tuliporudi tulikuta ukuta wetu umepigwa alama ya rangi nyekundu: nyumba ya kubomolewa. Niliitazama sana. Safari ile ilinifunza kwamba sisi hatukuota hapa jana, hata aliyepaka rangi ile na ajue. Wajukuu nikawasimulia ramani mpaka wakasinzia.

Saidi ndiye hakusinzia. "Mama, tutakuwa juu ya lori na vyungu na kuku. Mwalimu kasema kweli. Nipe kitabu nimpelekee."

"Sikupi. Mwezi ukiandama tunasoma."