Kona ya Karata

Mama yangu alivunja pesa, akibadilisha noti za nchi moja kwa za nyingine, karibu na mpaka wa Goma, amekaa kwenye kigoda, na mimi nilijifunza kazi yake kabla sijajua vizuri kuzidisha. Noti ikifika mkononi hutazami uso. Uso kila mtu anaujua, na mwongo anaujua zaidi. Unageuza kwanza, unatazama mgongo. Ikiwa bandia, mama alimwambia mwenyewe palepale, akachukua mkasi, akaikata kona isije ikamdanganya mwingine, na kile kipande akakitia katika kopo la maziwa ya unga. Nililipenda kopo lile kuliko mwanasesere yeyote. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mtoto asiyejua kukaa kitako, hasira puani, na nilidhani dunia nzima inakaguliwa hivyo.

Mwaka huo, tisini na tisa, karata ziliingia mtaani kwetu Majengo, ng'ambo ya mpaka na Goma. Hazikuwa zile za wazee wa kamari. Hizi zilikuwa na picha za wanyama wasiopatikana popote, kila mmoja na namba ya nguvu zake juu pembeni. Zangu zilikuwa za Kifaransa, shangazi wa Brussels alizichomeka katikati ya nguo. Jirani yetu, msichana aliyerudi na wazazi wake kutoka Kampala, alikuwa na za Kiingereza. Mnyama yuleyule, majina mawili! Tulibishana wiki nzima jina lipi la kweli, nusura tupigane, mwisho tukakubaliana kwamba majina hayana kazi, namba ndiyo itakayosema. Kanuni za mchezo hatukuzijua, tukatunga zetu: wawili wanatupa karata, namba kubwa inakula ndogo. Nami nikaongeza ya kwangu, kwamba karata mpya haichezwi kabla sijaigeuza. Za Kifaransa na za Kiingereza zilikuwa na mgongo mmoja, wa buluu. Sikuhitaji kujua zaidi.

Kila Jumamosi mama mdogo alivuka kutoka Goma kuja kununua viazi vya Bugeshi, akaja na mwanawe. Kwetu mtoto wa mama mdogo si binamu, ni ndugu yako wa kuzaliwa, na kwa kuwa nilimpita mwaka mmoja aliniita yaya, ndivyo wao wanavyomwita ndugu mkubwa. Hakuwa na karata hata moja, lakini alikuwa na mdomo kutushinda sote wenye karata. Baba yake alikuwa dereva wa daktari mmoja Mjapani. Waliondoka pamoja kwenda ndani ya nchi, upande wa Kisangani, na tangu hapo hakuna barua wala salamu. Majirani wa Goma walishaanza kusema kwamba mzee amepata mke mwingine huko na familia ya kwanza ameisahau. Ndugu yangu alikuwa amepigana mara mbili shuleni kwa ajili ya maneno hayo.

Jumamosi moja alifika mbio, amemwacha mama yake nyuma kabisa.

"Yaya, papa ametuma kitu! Angalia!"

Alitoa karata ndani ya bahasha. Mtu mmoja aliyetoka huko ndani ndiye aliyeileta, bila barua, karata tu. Mtu huyo alisema daktari alimpa baba, na baba akamtumia mwanawe. Ilikuwa na maandishi ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyaona, na namba yake ilikuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kutua kwenye baraza letu.

"Unaona? Papa hakutusahau," alisema. "Sasa mi nacheza."

"Lete kwanza."

Nikaigeuza. Mgongo haukuwa wa buluu. Ulikuwa mwekundu kama tofali, na michoro yake haikufanana na yetu hata kidogo.

"Hii iko bongo," nikasema. Bongo kwetu ni uongo, na ukilitamka juu ya noti pale mpakani watu wote wanageuka.

"Bongo namna gani? Papa ndiye ametuma!"

"Basi wamemudanganya papa yako. Ao ni yeye anakudanganya we."

Lile la kwanza lingetosha. La pili nililisema kwa sababu jirani alikuwa anatazama, na kwa sababu, niseme ukweli, ile namba kubwa iliniuma. Kisha nikaingia ndani, nikatoka na mkasi wa mama, nikaikata kona. Kipande nikakitia kwenye kopo pamoja na vya noti.

Aliichukua karata yake, akaitia ndani ya shati, akaenda kukaa juu ya magunia ya viazi kumngojea mama yake. Mimi nilitembea huku na huko barazani nikimwambia jirani kwamba sheria ni sheria, nikamwambia tena, na jirani alikuwa ameshaanza kukusanya karata zake.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Mama mdogo alisema ana masomo. Iliyofuata tena, masomo. Nilikuwa nakwenda mpaka kwenye foleni ya wavukaji, narudi, nakwenda tena, na mama akiniuliza nina nini namjibu kwa ukali kwamba sina kitu.

Ndipo mzigo mwingine wa shangazi ukafika. Katikati ya nguo kulikuwa na karatasi ya matangazo imekunjwa mara nne, ya duka la karata. Karata za Kifaransa, za Kiingereza, za Kijerumani, zote na mgongo wa buluu. Na chini, peke yake, karata ya ndugu yangu. Mnyama wake, maandishi yake, mgongo wake mwekundu, na kona zake zote nne. Pembeni waliandika kwa Kifaransa kwamba hilo ni toleo la Japani, na kwamba huko ndiko mchezo ulikozaliwa.

Nikampelekea mama karatasi ile, nikamweleza yote, nikijitetea kabla hajanilaumu. Nilifanya kama yeye. Niligeuza, nikatazama, nikakata.

Mama aliitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Noti yenye sijue, mi siikatake," alisema. "Ninairudishaka tu kwa mwenyewe."

Miaka yote ile nilikuwa nimekaa pembeni yake na sikuwahi kuliona hilo, kwamba noti asiyoijua hakuikata. Nilikuwa nautazama mkasi tu.

Nikamwaga kopo sakafuni. Nilipekua vipande hadi magoti yakauma, nikaipata kona yangu, ndogo kama ukucha. Jumamosi nikavuka na mama mdogo. Njia nzima alinisihi nitembee polepole, na sikuweza.

Nilimkuta ndugu yangu uani anafua sare yake. Nikamwonyesha karatasi. Nikamwambia nimekosa, karata yake ni ya kweli kuliko zetu zote, achukue za kwangu zote, nimezileta. Nikamnyooshea ile kona ili aigundishe.

Aliisoma karatasi yote, taratibu, povu likimchuruzika mikononi.

"Mi nilijua iko ya kweli," alisema. "Papa hawezi nitumia ya bongo."

Karata zangu hakuzigusa. Kona aliigeuza, akautazama mgongo, akairudisha mkononi mwangu na kunifunga vidole.

"Hii baki nayo, yaya. Siku papa anarudia, utamwelezea we mwenyewe."

Tulicheza tena baadaye, tulikua, tunapigiana simu. Lakini mwaka ule na uliofuata, kila niliposikia gari la kutoka huko ndani limesimama kwao, niliogopa kwamba baba yake ameshuka. Sijui ni lini nilianza kuogopa kwamba hatashuka. Kona bado ninayo.