Jina Alilolitaja Ndani ya Turubai

Miaka ile wakimbizi walipojaa Ngara, nilikuwa muuguzi msaidizi katika zahanati ya kambi, turubai kubwa lililogawanywa vyumba kwa mapazia ya plastiki. Mimi mzaliwa wa Bukiriro, wilayani humo humo, na Kihangaza chetu kinasikilizana na Kirundi cha wakimbizi hao, kwa hiyo wagonjwa niliwaelewa bila msaada. Aliyehitaji mkalimani ni daktari wetu, mgeni wa mbali. Mkalimani mwenyewe alikuwa mkimbizi, mwalimu wa shule ya msingi huko kwao, mpole, na wagonjwa walimpenda.

Asubuhi moja alikuja mama mjamzito mwenye homa, binti yake mdogo mgongoni. Daktari alipomuuliza habari za uzazi wake wa nyuma, alisita, kisha akasema jina tulilokuwa tukimwita si lake. Lile la kweli akalitaja kwa kunong'ona. Mumewe alikuwa amefariki, na shemeji zake walikuwa wakimsaka wamnyang'anye mtoto.

"Msimwambie mtu," alisema.

Mkalimani akatafsiri taratibu, macho chini.

Wiki haijaisha, mwanamume mmoja akasimama mlangoni akimuulizia kwa jina lile la kweli. Nikamwambia simjui.

"Anatibiwa hapa," akasema. "Ana mimba, ana homa. Mnamficha?"

Mama yule aliporudi kuchukua dawa, nilimvuta pembeni nikamweleza.

"Daktari hajui lugha yetu, na mkalimani ni mkimbizi mwenzangu," akasema. "Wewe unaijua. Na jioni unarudi kwenu, unaongea na watu."

Niliapa kwamba si mimi niliyesema. Akachukua dawa zake akaondoka. Kesho yake hema lake lilikuwa tupu. Jirani alisema amepanda lori la kwenda Biharamulo na mtoto wake, homa bado anayo.

Nilichanganyikiwa kiasi cha kuanza kujishuku mwenyewe. Nilimuuliza mama yangu kama nimewahi kutaja mgonjwa yeyote tukiwa jikoni. Akasema sijawahi, lakini hata yeye sikumwamini sawasawa.

Jambo lilijulikana kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Bibi mmoja wa kambini alileta viazi vitamu, akasema ni vya kumshukuru mkalimani wetu, anayewaambia watu ndugu zao waliko. Nikamweleza daktari, naye akamwita mkalimani. Hakukana.

"Wanakuja kwangu wakilia," alisema. "Wamepoteza watoto, wamepoteza wazazi. Nikijua mtu wao amepita hapa, nawaambia. Wakinipa sabuni, napokea. Yule bwana alisema ni kaka yake. Alilia mbele yangu."

Nikamuuliza, "Yule mama ulimuuliza kama ana kaka?"

"Hapana, dada," akasema.

Aliachishwa kazi siku hiyo hiyo. Nilidhani moyo wangu utatulia. Lakini bibi yule alirudi, safari hii mikono mitupu, akanikuta naosha vyombo vya sindano.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu alilazwa hapa, mimi nikimlilia kama marehemu. Nyinyi mlijua yupo, mkanyamaza. Yule mliyemfukuza ndiye aliyenirudishia. Sasa mwovu ni nani?"

Nilimwambia habari za mgonjwa ni siri. Nilijisikia nikisema maneno ya darasani, na hata mimi hayakuniridhisha. Akatikisa kichwa akaenda zake.

Nilipopata likizo, nilipanda gari hadi Biharamulo. Hospitalini nilimweleza muuguzi wa zamu kwamba namtafuta mama mjamzito, mkimbizi, mwenye binti mdogo.

"Wewe ni nani wake?" akaniuliza.

Ningesema nini? Kwamba mimi si ndugu, ila nina nia njema?

"Mtu ninayemfahamu tu," nikajibu.

"Basi samahani, dada. Habari za wagonjwa hatutoi."

Nikamshukuru. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi pamoja na watu waliokuwa wakisubiri kuona wagonjwa wao, na kwa muda mrefu sikujua kama nilichokuwa nacho ni faraja au huzuni.