Nilikata suruali ya gwaride ya mzee wangu nipate rangi ya katikati

Wakuu, habari za wikiendi. Hii sikusimuliwa na mtu, wembe niliushika mimi mwenyewe. Anayetaka kucheka acheke, ila anivumilie mpaka mwisho.

Nimekulia kota za polisi hapa Kampala, upande wa Nakawa. Mzee wangu alikuwa konstebo, mtu wa Lira, kule kaskazini. Mama Mganda wa hapahapa Buganda. Nyumbani tuliongea Kiswahili, maana ndiyo lugha pekee ambayo wote wawili waliikosea sawasawa.

Nikiwa darasa la nne, madam wetu wa sanaa alikuja na makopo matatu tu ya rangi: nyekundu, njano na bluu. Tukamwonea huruma.

Akachanganya njano na bluu kwenye kifuniko cha ndoo, ikatoka kijani. Bannange! Tulipiga kelele mpaka darasa la jirani wakaja kuchungulia. Kila mtu akatia vidole. (Mashati yalikuwa meupe, akina mama wakamkumbuka madam wiki nzima.)

Mwisho akatuambia tumwage zote pamoja. Ikatoka kahawia, karibu sawa na kaki. Tukanuna tukidhani tumeharibu.

Akasema, "Hapana. Hapa ndipo rangi zote zinakutana."

Makopo yakaisha. Homework ikawa hii: tengeneza duara la rangi kwa vitambaa, bandika kwenye boksi, na katikati weka ile rangi ya zote.

Mafundi cherehani wa Kamwokya walitupa mabaki bure, tukajaza mifuko. Kaki tu ndiyo ilinishinda.

Na kaki nilijua iko wapi. Ilining'inia ukutani nyumbani, imepigwa pasi.

Nikakata ndani ya pindo la mguu wa kushoto, kipande cha ukubwa wa kiberiti. Nikajiambia, nani ataangalia ndani ya pindo?

Asubuhi pindo likafumuka katikati ya gwaride, mbele ya afande mkubwa. Adhabu: siku tatu za kufyeka nyasi juani. Shule yetu ilikuwa humohumo kambini, kwa hiyo nilimwona kupitia dirishani. Wenzangu nao walimwona. Niliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa yangu.

Kila jioni nilitaka kukiri, nikashindwa. Mzee naye hakuuliza.

Siku ya wazazi kazi zetu zilitundikwa ukutani. Mzee akasimama mbele ya duara langu, kofia mkononi. Akagusa pale katikati kwa kidole. Nikajua leo ni leo.

"Madam, hii Akello alipata ngapi?"

"Tisa kwa kumi, ssebo."

"Kale, sawa. Hii kitambaa ya katikati iko muzuri sana."

Basi. Hatukuligusa tena, miaka na miaka.

Sasa mimi ni mwalimu, Bwaise. Mvua ikinyesha maji yanaingia darasani, makopo yangu ya rangi yanakaa juu ya kabati. Duara la vitambaa bado nalifundisha, na kaki bado inatusumbua.

Mzee amestaafu mwaka huu. Ukistaafu unarudisha sare zote stoo.

Wiki iliyopita akaja darasani kwangu bila taarifa. Watoto wote wakasimama wima. Akatoa suruali kwenye mfuko, imepigwa pasi, pindo la kushoto limeshonwa kwa uzi mweupe.

"Mimi naliwaambia stoo ati hii ilipotea. Patia watoto wakate."

Wakuu, huyu mtu sijawahi kumsikia akisema uongo. Nikashindwa kuvumilia, nikasema palepale mbele ya darasa:

"Baba, ile siku ni mimi nilikata."

"Mimi najua, Akello. Makasi iko wapi?"

Nililia mbele ya watoto arobaini. Kaki ikawatosha wote. Mguu wa kushoto tu ndio niliukatalia, uko nyumbani kwangu.

Funzo langu ni moja: kama una neno la kumwambia mzazi, mwambie angali na mdomo wa kukujibu. Mimi nilibahatika tu.

Haya, na wewe uliharibu nini cha mzazi wako kwa ajili ya shule? Kiri hapa chini, humu hakuna afande.