Tsonka Aenda Bustanini Jumamosi ya Wafu

Mume wa Tsonka alikufa majira ya baridi, na toka siku hiyo jengo letu zima likajipa kazi ya kumwombolezea. Tsonka aliachiwa kuvaa nguo nyeusi tu. Mengine tulimsaidia: tulimchunga asicheke kwenye ngazi, tukatega sikio kama redio yake inalia. Kwenye mlango mkubwa wa chini, Dobri marehemu alibandikwa kwenye karatasi ya tanzia, kwa picha yake ya kitambulisho, akimkodolea macho kila anayeingia na mfuko wa sokoni.

Tsonka alifanya kazi kiwanda cha kusindika nyanya mpaka akastaafu. Barazani kwake amepanda maua kwenye makopo ya mtindi, mengi hata kiti hakina pa kukaa. Na maisha yake yote ya ndoa alitamani jambo moja: kushinda siku nzima kwenye ile bustani kubwa ya mimea iliyoko pwani, aone mawaridi mpaka achoke, aone madungusi ya miiba marefu kuliko mtu. Kila mwaka Dobri aliahidi, na kila mwaka samaki wa bwawani wakamwita. Safari moja alikwenda yeye, na wenzake wa kazini, akarudi na picha yake amesimama kando ya dungusi, wote wawili wamevimba kifua. Akaitundika jikoni, mkewe aitazame akiosha vyombo.

Kwa hiyo klabu ya wastaafu ilipotangaza basi la kwenda bustanini, mkono wa Tsonka ulikuwa wa kwanza juu. Mwenyekiti wa klabu, Mincho, ambaye pia ndiye msimamizi wa jengo letu na mpenzi mkubwa wa chakula cha wenzake, alijisifu kwamba basi amelipata kwa bei ya kutupa. Hakujiuliza kwa nini siku hiyo mabasi hayana wateja.

Aliyejiuliza ni Ginka wa ghorofa ya chini, mjane anayevaa nyeusi miaka nenda rudi kwa ajili ya mwanamume aliyekuwa akimfukuza kwa ufagio. Alifungua kalenda ya kanisa. Siku ya safari ilikuwa Jumamosi ya Wafu, siku ambayo sisi sote tunakwenda makaburini na ngano ya kuchemsha, tunawamwagia marehemu divai na kugawiana chakula kwa ajili ya roho zao.

Mincho hakutaka kupoteza basi. Alitoa hukumu kwamba watu watapita makaburini alfajiri, kisha safari. Tsonka tu ndiye abaki, maana mwaka wake wa msiba haujaisha.

"Wafu wetu sisi ni wa zamani, wameshazoea," alimwambia. "Wako bado mgeni, dada. Atakungoja siku nzima."

"Mimi nilimngoja ndoa nzima. Na yeye angoje kidogo."

Mincho akasema kiti chake atampa mtu mwingine. Jioni Plamen, mwana wa Tsonka, akapiga simu kutoka mji mkuu. Ginka alikwisha kumfikia. Plamen alimsihi mama yake asimwaibishe, watu watasema nini.

"Watasema Tsonka kaenda bustanini," akajibu. "Waache waseme kweli angalau mara moja."

Ijumaa jengo lilinukia siagi. Tsonka alikuwa anaoka banitsa, mkate wa tabaka wenye jibini, sinia juu ya sinia. Kisha akapita mlango kwa mlango, amevaa nyeusi yake, mnyenyekevu kama mtawa. Chakula cha marehemu hakikataliwi kwetu. Ukipewa unakula, unasema Mungu amsamehe. Akamalizia kwa Mincho, naye akala vipande vitatu palepale mlangoni, akimwombea Dobri msamaha kwa mdomo uliojaa.

"Umeshiba?" Tsonka akamuuliza.

"Nimeshiba, Mungu amrehemu."

"Basi Dobri naye kashiba. Jengo zima limemlia. Sasa niambie, Mincho, huko makaburini naenda kumlisha nani?"

Mincho akatafuna taratibu, akitafuta jibu. Alilolipata ni kwamba bado kuna divai ya kumwagia kaburi.

Tsonka akashuka kwa Ginka na chupa ya divai. Akamwomba, kwa heshima zote, amwagie Dobri kesho, kwa kuwa yeye ndiye mjuzi wa mambo ya wafu. Ombi kwa ajili ya marehemu nalo halikataliwi. Ginka aliipokea chupa kama anayepokea mtoto aliyejisaidia.

Asubuhi, tuliporudi makaburini, Mincho alisimama kwenye mlango wa basi, na Tsonka akatokea na gauni la manjano lenye maua makubwa kama sahani. Kichwa wazi. Ginka, asiyesafiri, chupa kwapani, alikuwa ndiyo kwanza anakwenda makaburini, akasimama.

"Mwanamke, kitambaa chako cheusi kiko wapi?"

"Nimefungia banitsa ya alfajiri hii, isipoe."

Akampita Mincho bila kumwomba njia, akakaa kiti cha mbele kabisa, penye kioo kikubwa. Mincho akatazama gauni, akatazama lile furushi jeusi linalotoa mvuke, akameza mate. Kisha akamwambia dereva awashe.

Hapo ndipo Ginka alipokuja dirishani akagonga kwa kucha. Tsonka akafungua, tayari kwa vita.

"Ukiona waridi la rangi ya machungwa," Ginka akanong'ona, akiangalia kando, "nivunjie kijiti nikapande. Kidogo tu. Walinzi wasikuone."

"Njoo uvunje mwenyewe," Tsonka akamwambia kwa sauti, basi zima lisikie. "Dobri mmwagie ukirudi. Haendi popote."

Akafunga kioo. Basi likaondoka, na Ginka akabaki amesimama barabarani na divai ya mume wa mtu.